Tiketi ya Shirika Kubwa, Rubani wa Shirika Dogo

Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya abiria iliyotoka Newark, jirani na New York, iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center, dakika chache kabla ya kutua Buffalo. Watu wote 49 waliokuwamo walikufa, pamoja na mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Miongoni mwa abiria alikuwamo Alison Des Forges, mwanahistoria aliyetumia miaka mingi kuchunguza mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Arusha walimfahamu vyema. Mara kadhaa alisimama mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda akiwa shahidi mtaalamu, na wanaofuatilia siasa za Maziwa Makuu, kuanzia Kigali hadi Bujumbura, walilijua jina lake na ukali wa kalamu yake. Makazi yake yalikuwa Buffalo, na usiku ule alikuwa anarudi nyumbani.

Ubavuni mwa ndege ile paliandikwa Continental Connection. Tiketi ziliuzwa kwa jina la Continental, rangi za mkiani zilikuwa za Continental, na namba ya safari, 3407, ilikuwa ya Continental. Marubani wawili waliokaa mbele, hata hivyo, hawakuwa waajiriwa wa Continental. Mwajiri wao alikuwa Colgan Air, kampuni ndogo yenye makao yake Manassas, Virginia, iliyopewa kandarasi ya kurusha safari fupi kwa jina la mkubwa wake.

Marubani wa mashirika makubwa ya Marekani walikuwa wameulalamikia mpango wa namna hii kwa zaidi ya miaka kumi. Jibu walilolipata mara nyingi ni kwamba wanapigania matumbo yao. Ni kweli mshahara ulikuwamo katika malalamiko yao, na mfanyakazi kudai mshahara wake si aibu. Lakini chini ya suala la mshahara lilikuwapo dai zito zaidi, nalo ni kwamba anayemuuzia abiria kiti amwajiri mwenyewe rubani wa kukirusha, amfunze mwenyewe, na ajibu mwenyewe mambo yakiharibika. Ninaamini walikuwa na haki, na yaliyotokea tangu usiku ule yameipa haki hiyo uzito.

Siku 28 kabla ya Clarence Center, Januari 15, ndege ya US Airways iligongana na bata wa mwituni baada tu ya kuondoka New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na Kapteni Chesley Sullenberger akaitua juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 walitoka hai. Dunia nzima ilimshangilia. Mwezi uliofuata alikwenda mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, na badala ya kusimulia ushujaa akasimulia kazi yake ilivyoshuka hadhi. Aliwaambia wabunge kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40, pensheni yake imefutwa, na kwamba hamjui rubani hata mmoja wa kulipwa anayetaka wanawe waifuate kazi hii. Ilikuwa Februari 24, siku 12 tu baada ya ajali ya Buffalo. Mkongwe wa taaluma alikuwa anaeleza kwamba nchi yake inakula akiba ya uzoefu bila kuweka mpya.

Chanzo cha mambo haya ni 1978, Marekani ilipoacha kuyapangia mashirika ya ndege njia na nauli. Mashirika makubwa yakajijengea vituo vikuu kama Atlanta, Chicago, Dallas na Newark, ambako abiria wa miji midogo hukusanywa kisha hugawanywa kwenye ndege kubwa. Kuwaleta abiria hao vituoni kulihitaji ndege ndogo za mapangaboi, na kazi hiyo ikapewa kampuni ndogo zilizokubali kupaka rangi za mkubwa. Mwanzoni marubani wakubwa hawakushtuka. Nani angegombania ndege ya viti 19 inayoyumba mawinguni, wakati yeye anarusha Boeing?

Mwaka 1993 Comair, kampuni ya Cincinnati iliyokuwa ikiruka kwa jina la Delta, ikawa ya kwanza Marekani kuanza kutumia ndege ya jeti ya viti 50 iliyoundwa na Bombardier wa Kanada. Ndege hiyo ilikwenda mbali na ilikwenda kasi. Njia ambazo jana zilirushwa na ndege ya viti zaidi ya 100 yenye marubani wa shirika lenyewe, leo zingeweza kugawanywa kwa jeti ndogo tatu zenye marubani wanaolipwa nusu au chini ya nusu.

Ulinzi pekee wa marubani ulikuwa kifungu kimoja katika mkataba wao wa hali bora, kile cha mipaka ya kazi, kinachosema ni ndege za ukubwa gani ambazo shirika laweza kuzikabidhi kwa wengine na ni ngapi. Hapa marubani wa mashirika makubwa nao wana lao la kujibu. Katika miaka ya 1990 wengi wao waliziona jeti za viti 50 kuwa chini ya hadhi yao, wakaziachia kwa kubadilishana na nyongeza kwenye ndege kubwa. Kilichotolewa mezani kwa hiari hakikurudi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mashirika yakaanza kukimbilia mahakama za ufilisi: US Airways mara mbili, 2002 na 2004, United Desemba 2002, Delta na Northwest siku moja, Septemba 14, 2005. Mbele ya majaji wa ufilisi mikataba ya marubani ilikatwakatwa, na mipaka ikasogezwa kutoka viti 50 hadi 70, kisha 76. Maelfu ya marubani walipunguzwa kazi, huku jeti ndogo zenye rangi za mashirika yao zikizidi kuongezeka angani.

Mpaka uliobaki leo kwa American, Delta na United ni viti 76 na uzito wa pauni 86,000 wakati wa kuruka, yaani takriban kilo 39,000. Wasomaji wanaodhani vyama vya wafanyakazi havina nguvu watazame namba hizo zilivyofanya kazi. Embraer wa Brazil aliunda E175-E2, ndege ndogo inayotumia mafuta kidogo kuliko mtangulizi wake, lakini ina uzito wa zaidi ya tani 44. Kampuni ndogo za Marekani haziwezi kuirusha kwa niaba ya wakubwa, na mradi ukasimamishwa 2022. Mitsubishi wa Japani alitumia zaidi ya muongo mmoja kuunda SpaceJet, akaufuta mradi Februari 2023. Mpaka huo wa uzito ulikuwa mmoja wa mizigo yake. Na mwaka 2019 United ilitangaza ndege yenye umbo la kubeba abiria 70 iliyofungwa viti 50 tu, ili isivuke kilichoandikwa kwenye mkataba.

Mpango wenyewe unaendeshwaje kifedha? Shirika kubwa hupanga ratiba, huweka nauli, huuza tiketi na kubeba gharama ya mafuta. Kampuni ndogo huleta ndege, marubani, wahudumu na mafundi, kisha hulipwa kwa kila safari na kwa kila saa, ndege ijae au iwe tupu. Kwa kuwa nauli si yake na mafuta si yake, njia yake ya kushinda zabuni ni kupunguza gharama ya watu. Rubani akikaa miaka mingi, mshahara hupanda kwa ngazi, na kampuni yenye marubani wazoefu huwa ghali kuliko iliyoajiri vijana juzi. Uzoefu, ambao abiria angedhani ndio bidhaa anayoinunua, kwenye zabuni unahesabiwa kuwa kasoro. Abiria wa daladala Dar es Salaam wanajua ilivyo gari linapokabidhiwa deiwaka: maandishi ubavuni ni yaleyale, ila dereva waliyemzoea hayupo. Huku angani kandarasi ni halali, ina leseni na inakaguliwa, lakini mwenye jina anabaki na faida ya jina, na mwenye usukani anabaki na lawama.

Comair wenyewe walilipa gharama ya kudai zaidi. Delta iliinunua kampuni hiyo nzima mwanzoni mwa 2000, na mwaka uliofuata marubani wake wakagoma kwa siku 89 wakitaka walipwe kama marubani wa jeti, si kama vijana wa kuanzia. Walipata mkataba mzuri. Miaka iliyofuata safari zao zilikwenda kidogo kidogo kwa kampuni nyingine zilizotoza kidogo, na Septemba 2012 Delta ikaifunga Comair. Katika kazi hii ngazi haihamishiki. Kapteni wa miaka 20 akihamia shirika jingine anaanzia chini kabisa ya orodha, kwenye kiti cha kulia, kwa mshahara wa mgeni. Ni rahisi kuelewa kwa nini wengi hunyamaza.

Hata ndani ya chama chao, ALPA, kilichoanzishwa 1931, mgawanyiko uliingia. Chama hicho huwatetea marubani wa mashirika makubwa na wengi wa mashirika madogo, ilhali kila ndege inayokatazwa kwa mdogo ni ajira iliyohifadhiwa kwa mkubwa. Baadhi ya marubani wa mashirika madogo waliwahi kukishitaki chama chao wenyewe mahakamani. Siwezi kuwalaumu. Rubani wa SkyWest au Republic ni mtaalamu kama mwenzake wa United, na bila yeye miji mingi ya Montana au Dakota isingekuwa na ndege. Kosa haliko kwake. Liko kwenye mpango uliomweka aonekane wa bei nafuu.

Turudi Buffalo, maana pale ndipo mambo yote haya yalipokutana kwenye chumba kimoja cha marubani.

Rubani msaidizi alikuwa akiishi karibu na Seattle, pwani ya magharibi, na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, pwani ya mashariki, umbali wa karibu kilomita 3,900. Usiku uliotangulia alisafiri bila kulala kitandani, akidandia ndege za mizigo kupitia Memphis. Kapteni aliishi Florida, naye alipumzika kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi uwanjani. Hawakuwa wawili tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya marubani wa Colgan waliopangiwa Newark walisafiri hivyo kwenda kazini. Katika mashauri ya hadhara ya Mei 2009 mshahara wa rubani msaidizi ulitajwa kwanza kuwa dola 16,000 na ushei kwa mwaka. Baadaye kampuni ikasahihisha kwamba ni karibu dola 24,000. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili, kupanga nyumba ya maana karibu na New York kusingewezekana.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji, NTSB, ilisema wazi chanzo cha ajali. Ndege ilipoteza kasi, usukani ukatetemeka kumwonya kapteni kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba, naye badala ya kuusukuma mbele akauvuta. Aliwahi kushindwa mitihani kadhaa ya urushaji, na mingine hakuitaja alipoomba kazi. Kuhusu uchovu, bodi ilisema huenda uliathiri utendaji wao, ila haikuweza kupima kwa kiasi gani. Kwa hiyo asije mtu akaandika kwamba mshahara mdogo uliiangusha ndege ile. Swali ninalouliza ni jingine. Nani alimwajiri kapteni huyu, nani alimfunza, na kwa nini abiria wa Continental hakuwa na namna ya kujua kwamba hakuwa rubani wa Continental? Kisheria udhibiti wa safari ulikuwa wa Colgan, kwa kuwa ndiyo yenye cheti cha uendeshaji. Jina kubwa lilibaki kwenye tiketi.

Familia za waliokufa hazikukubali mambo yaishie hapo. Walikwenda Washington safari baada ya safari, wakiwa na picha za ndugu zao, wakikaa kwenye vikao vya kamati hadi wabunge wakawazoea kwa sura. Agosti 1, 2010, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyotokana na jitihada zao. Kabla yake rubani msaidizi aliweza kuanza kazi na saa 250 za kuruka. Tangu 2013 anatakiwa kuwa na 1,500, isipokuwa waliotoka jeshini au vyuo vinavyotambuliwa, ambao hupunguziwa. Kanuni mpya za mapumziko zilianza Januari 2014. Na kila anayeuza tiketi mtandaoni alitakiwa aonyeshe, pale pale safari inapojitokeza mara ya kwanza, jina la kampuni itakayoirusha.

Mashirika madogo yaliipinga kanuni ya saa 1,500, na hoja yao moja ni ya kweli: marubani wote wawili wa safari ile walikuwa na zaidi ya saa 2,000. Wanasema pia kwamba saa nyingi za kuzunguka na ndege ya injini moja juu ya mashamba hazimfundishi kijana kushughulika na barafu kwenye bawa. Nakubali. Ila sheria ile ilileta badiliko jingine ambalo halikuandikwa ndani yake. Vijana waliokuwa tayari kurusha jeti kwa mshahara wowote wakapungua, na kampuni zikalazimika kuwashindania.

Haikutokea mara moja. Mwaka 2014 rubani msaidizi mpya wa kampuni ndogo bado alianza kwa wastani wa dola 24 kwa saa ya kuruka, na saa za kusubiri uwanjani kwa kawaida hazilipwi hivyo. Republic ikaingia ufilisi Februari 2016 ikitaja uhaba wa marubani. Great Lakes, kampuni ya Wyoming, ikaacha kuruka Machi 2018. Machi 2022 SkyWest ikaiarifu serikali kwamba inataka kuacha kuhudumia miji midogo 29. Ndipo Juni 2022 kampuni ndogo zinazomilikiwa na American zilipopandisha mshahara wa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa. Kwa miaka 20 marubani hawa walikuwa wakiambiwa kwamba fedha ya kuwalipa haipo. Fedha ilikuwapo.

Matunda ya sheria yale yanapaswa kutajwa pia. Baada ya Buffalo, mashirika ya ndege ya Marekani yalikaa karibu miaka 16 bila ajali kubwa ya vifo vya watu wengi, hadi Januari 29, 2025, ndege iliyoandikwa American Eagle ilipogongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa Reagan mjini Washington, wakafa watu 67. Ndege hiyo ilirushwa na PSA, tanzu ya American. Sisemi kandarasi ilihusika. Maswali makubwa ya ajali ile yalihusu njia ya helikopta na uongozaji wa ndege. Lakini asubuhi yake, wengi waliosoma habari ndipo walipokutana na jina PSA kwa mara ya kwanza.

Mgogoro huu hauko Marekani peke yake. Marubani wa Air France waligoma wiki mbili Septemba 2014 kupinga kazi kuhamishiwa Transavia, tanzu yao ya nauli nafuu, hadi mpango wa kuipanua Ulaya nzima ukawekwa kando. Ujerumani, Lufthansa iliyokuwa na tanzu yake CityLine ilianzisha nyingine, Lufthansa City Airlines, iliyoanza kuruka Juni 2024, na marubani hawakuhitaji kuelezwa maana ya tanzu mpya kando ya ile ya zamani.

Kwetu Afrika Mashariki sura ni tofauti kidogo. Kenya Airways ilianzisha Jambojet, iliyoanza safari Aprili 2014, lakini iliiacha iruke kwa jina lake na rangi zake. Abiria wa Mombasa au Kisumu anajua anapanda nini, na huo ni uungwana ambao ningependa uendelee. Tangu 2003 Kenya Airways ina hisa katika Precision Air, na mashirika yetu yanazidi kuuziana viti na kukodi ndege pamoja na marubani wake msimu ukibana. Kadiri ushindani wa nauli unavyokua, kishawishi cha kukabidhi safari kwa mwenye gharama ndogo kitakua nacho. KALPA, chama cha marubani cha Kenya, na vyama vya nchi jirani vikianza kuuliza maswali juu ya mikataba hiyo, wahariri wenzangu, tusikimbilie kuandika kwamba wanataka mishahara tu.

Wapo pia ndugu zetu wanaokwenda Minneapolis, Columbus au Dallas. Tangu Oktoba 2018 mtu aweza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, kisha akamalizia safari kwa jeti ndogo yenye jina la Delta, American au United. Ndege hizo ni salama kuliko zilivyokuwa 2009, na waliozifanya hivyo ni familia za Buffalo na marubani waliokataa kunyamaza. Unaponunua tiketi yako, usiishie kwenye jina kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa safari inaendeshwa na nani. Lisome jina hilo, na kama tiketi umekatiwa na wakala wa Kariakoo au River Road, mwambie akusomee. Na mamlaka zetu za usafiri wa anga, TCAA, KCAA na wenzao wa Uganda na Rwanda, zihakikishe abiria wa kwetu analiona jina hilo kabla ya kulipa, si baada ya kufunga mkanda.